Sukari Iliyofichwa Nyumba ya Msiba

Germana wa Buger alikuwa na mkono mwepesi, na hakuna aliyejaribu kulificha hilo, hata katekista. Alimzaba kofi mnunuzi wa maharage aliyekuwa akikandamiza mizani kwa goti. Fisi aliyeingia zizini mwake alimtwanga kwa jembe mpaka akakata roho, kisha akalalamika kutwa nzima kwamba mpini umepasuka. Mtu mmoja tu hakuwahi kuuonja mkono ule, naye ni mumewe Piusi, na wambea wa Buger walihangaika kweli kutafuta sababu. Wengine walisema Piusi ana dawa. Piusi hakuwa na dawa yoyote, mwanamke alimpenda tu.

Mkono ule ulikuwa na historia yake. Mwaka wa kuhamishiwa vijijini, Germana akiwa bado msichana kwa baba yake, walikuja watu wa operesheni na karatasi na bunduki. Walimtaka mzee atoke kwenye shamba la marehemu babu yake, ahamie kwenye mstari wa nyumba uliochorwa na mtu ambaye hajawahi kushika jembe kule. Mzee alimwamuru mkewe atie kufuli mlangoni, yeye akasimama mbele ya mlango na upinde wake. Alirusha mshale mmoja, ukampata mtu pajani. Walimwangusha, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka nyonga ikavunjika, kisha wakaichoma nyumba na mahindi ya mwaka mzima yakiwa ndani. Wakati wote huo mama yake Germana alikuwa amesimama uani, ufunguo umo mkononi, ameubana mpaka kiganja kinatoka damu. Hakuna aliyemwambia autoe, na yeye mwenyewe hofu ilimziba akili. Baba alichechemea miaka michache akafa.

Tangu siku ile Germana aliwachukia watu wenye karatasi, na chuki hiyo haikupoa. Lakini ule ufunguo aliuchukia zaidi. Aliuota mara nyingi kuliko alivyouota moto.

Akaolewa na Piusi, mtu mpole, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Kaka yake Piusi aliitwa Valeriani, na huyu ndiye aliyekuwa mtu wa mjini. Alikuwa na duka Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro, na juu ya mlango palikuwa na kibao cha rangi ya kijani kilichoandikwa Kampuni ya Valeriani na Ndugu. Huyo "Ndugu" alikuwa Piusi. Hisa yake yote katika kampuni ilikuwa pale kwenye kibao. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia na kuitikia "ndiyo, kaka."

Karatu wakati huo ilikuwa na wenye maduka watatu wa maana. Mwanzo waligombania wateja, mmoja akipunguza bei ya sabuni, mwenzake anaongeza chumvi ya bure. Kisha bidhaa zikaadimika nchi nzima, na wale watatu wakagundua kwamba kugombana ni ujinga. Walikaa nyuma ya duka la Valeriani, wakala mbuzi mzima, wakakubaliana: sukari bei moja, sabuni bei moja, mashuka mekundu ya wafugaji bei moja, na kila mtu afiche mali yake mpaka watu wapige magoti. Watu walipiga magoti kweli. Wamasai walishuka kutoka Endulen na ngozi na maziwa yao, wakarudi na shuka moja mahali pa matatu. Wanawake wa Buger walifulia majivu. Germana alijua, maana mumewe ndiye aliyekuwa akibeba magunia kutoka mbele ya duka kwenda nyuma. Alimwambia aache. Piusi akasema atamwacha vipi kaka yake.

Masika ya mwaka wa themanini na tatu mtoto wao mchanga alifariki kwa homa. Alikuwa bado ananyonya. Katekista alikuja akamzika kwa sala zote, na baada ya sala nyumba ikafungwa kwa desturi ya wazee, kwa sababu Wairaqw wa pale walibatizwa lakini hawakuwa wamesahau. Kipindi hicho chaitwa metimani. Kifo cha mtoto kinabaki ndani ya nyumba kama uchafu usioonekana, na wenye nyumba hukaa peke yao mpaka wazee waseme kimekwisha. Miiba hulazwa njiani. Hakuna jirani anayevuka, hakuna anayeomba moto wala kuazima chungu, na maji mtachota chini ya kijito, mbali na wenzenu. Watu husalimiana nanyi kwa mbali. Kikivunjwa kabla ya wakati, wazee husema, kifo kile hutafuta mtu mwingine wa nyumba ileile. Na katika nyumba ya Germana alikuwa amebaki Lusia, binti wa kwanza, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka.

Kwa hiyo Germana aliilinda ile miiba kwa ukali wake wote. Hata kuku wa jirani aliyepita alirudishwa kwa jiwe.

Mwaka uleule redio ikatangaza vita dhidi ya wanaoficha bidhaa. Wakaguzi wa bei walitumwa kila wilaya, maduka yakaanza kufunguliwa stoo moja baada ya nyingine. Mfanyabiashara mwenye akili zake angejua la kufanya. Angemweka mbele mtu mmoja anayeshika funguo na anayejua kusema, amwombe mkaguzi karatasi yake aisome, amfungulie, azunguke naye, amjibu anachokijua na kukaa kimya kwa asichokijua. Angeumia, lakini angeumia mara moja. Valeriani alikuwa na ujanja mwingi, na ujanja ukizidi huo hauitwi tena akili. Alifanya mambo mawili. Kwanza alimwita mlinzi wake, Moloimet, Mmasai wa upande wa Endulen, akamwambia, "Mimi nisipokuwepo mbele, mtu asivuke huu mlango. Yeyote." Hakumweleza kwamba huyo yeyote anaweza kuwa serikali. La pili alipakia gari lake sukari na sabuni na mashuka, akaelekea Buger jioni, akavuka miiba ya mdogo wake kwa viatu.

Hilo ndilo kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya. Ni mtu wa palepale tu angewaza kwamba nyumba yenye metimani ni kufuli kubwa kuliko kufuli zote.

"Shemeji," Germana alisema kutoka mlangoni, "umevuka mpaka."

"Mimi nilibatizwa," Valeriani akajibu, huku akishusha gunia.

"Na sisi tulibatizwa. Rudi nyuma. Nina mtoto humu."

"Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nani atathubutu kuingia hapa? Mgambo wenyewe ni watoto wa hapahapa. Serikali itaishia kwenye miiba."

Piusi alijikaza akasema maneno ambayo hajawahi kumwambia kaka yake. Alisema, "Kaka, mali hii ipeleke kwingine." Valeriani alichomoa fimbo kwenye gari akampiga nayo usoni, kisha mgongoni, kisha tena usoni, bila haraka, mpaka Piusi akapiga goti. Jicho moja lilifunga palepale. Germana alikuwa ameshaushika mchi wake wa kukobolea mahindi, akaja mbio, lakini mumewe aliinua mkono kumzuia.

"Mwache, Mama Lusia. Ni kaka yangu mkubwa."

Aliusimamisha mchi. Magunia yaliingia, moja moja, mpaka kwenye kona alikokuwa akilala marehemu mtoto. Kabla ya kuondoka Valeriani alimpa mdogo wake panga jipya, lenye gundi ya kiwandani bado kwenye mpini. "Atakayevuka, mkate. Usipomkata, mimi na wewe hatukuzaliwa pamoja." Germana alimtemea mate gari lilipoondoka, na hakuna mtu aliyemlaumu kwa hilo.

Wakaguzi walifika Karatu baada ya mnada wa ng'ombe, mji ukiwa na watu wengi. Walifika dukani wamevaa mashati ya kawaida, na mmoja akaweka mkono mlangoni. Moloimet alikuwa amelelewa kujua kwamba mtu anayelazimisha kuingia bomani kwako amekuja kuchukua ng'ombe. Aliambiwa yeyote, akatii. Rungu lake lilimpata mkaguzi kwenye mtulinga, mfupa ukalia, mtu akaanguka chali barabarani. Mgambo walimvamia Moloimet, wakampiga kwa mateke na mikanda na kitu chochote kilichokuwa karibu, na yeye akaangusha watatu kabla hajazidiwa. Meno yake yalibaki vumbini. Watu wa mnadani, waliokuwa wamefulia majivu mwaka mzima, waliona mlango umeachwa wazi. Walivunja rafu. Walipoikuta ndani tupu, hasira ikawa maradufu, wakavunja na kaunta.

Valeriani mwenyewe alikutwa uani, anamwaga sukari iliyobaki kwenye tundu la choo. Suruali yake ilikuwa nyeupe mpaka magotini. Hakuhitaji kuulizwa kama ana kitu cha kuficha. Umati ulimfikia kabla ya mgambo, na alipookolewa alikuwa amevunjika mbavu na sikio moja linaning'inia. Hapo ndipo alipotamka jambo ambalo Germana hajamsamehe mpaka leo.

"Si yangu," alisema, damu mdomoni. "Mali yote ni ya mdogo wangu, Piusi. Iko kwake Buger."

Landrova ilifika Buger mchana huohuo. Mkaguzi mkuu, mtu mrefu kutoka pwani, alikuwa na damu ya mwenzake kwenye shati na subira ilikuwa imemwisha. Nyuma walipanda mgambo wa tarafa, na mkubwa wao alikuwa Qamara, mwenye bunduki, aliyechunga ndama pamoja na Piusi tangu wote wakiwa hawana suruali. Walishuka, wakatembea kwa nguvu mpaka kwenye miiba, wakasimama.

"Mnasubiri nini?" mkaguzi akauliza.

"Ndugu mkaguzi, hapa hatuingii," Qamara alisema kwa upole. "Kuna msiba."

"Wa lini?"

"Wa masika."

"Masika yamekwisha. Mnanichezea. Mmekula naye." Alimpiga kofi mgambo aliyekuwa karibu, yule kijana akalipokea na hakusogea. Basi mkaguzi akasukuma mwiba kwa buti, akavuka mwenyewe.

Piusi alikuwa anamngoja upande wa pili. Jicho moja lilikuwa bado limevimba, panga liko juu. Mpole kama alivyokuwa, alifanya alichoagizwa. Panga lilimchana mkaguzi mkono kutoka kiwiko mpaka karibu na saa yake. Mkaguzi aliyumba, akaanguka kwenye miiba, akapiga kelele kwamba apigwe risasi.

Qamara aliinua bunduki. "Piusi," alisema, "weka chini. Nakuomba kwa jina la mama yako."

"Siwezi. Kaka amesema."

"Kaka yako amesema mali ni yako. Ameshakuuza, ndugu yangu. Weka chini."

Piusi hakuamini, au hakutaka kuamini. Alimsogelea mkaguzi aliyelala, akainua panga tena, na Qamara akalaza shavu kwenye bunduki na kufumba jicho moja, huku lile lililobaki wazi likitoka machozi.

Germana alikuwa mlangoni. Lusia amemshika gauni kwa nyuma, anavuta. Germana alimwona baba yake na upinde. Alimwona mama yake na kile kiganja. Alijua kabisa kilichokuwa mbele yake: akiulinda mpaka, mumewe anakufa sasa hivi, akiufungua, wazee walishasema nani anayefuata. Hakuna mwanamke anayepaswa kuchagua hivyo, na asikudanganye mtu kwamba alichagua kwa utulivu. Aliung'oa mkono wa mtoto kwenye gauni, akamsukuma ndani, akachukua mchi.

Alimpiga Piusi kwa nguvu zake zote. Mchi ulitua juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia, na sauti ya mfupa ilisikika mpaka kwenye gari. Panga likaanguka. Alilipiga teke likaenda kwenye majani, akampiga Piusi mchi wa pili kwenye paja ili akae chini, akakaa. Piusi alimtazama kwa mshangao zaidi kuliko maumivu. Mkono ule hakuwahi kuuonja, na siku ile aliuonja mzima.

Kisha Germana aliivuta miiba mwenyewe, kwa viganja vitupu, akaitupa kando.

"Qamara, shusha hiyo bunduki. Ndugu mkaguzi, inuka. Mlango uko wazi. Lakini kwanza nisomee karatasi yako, mimi sijui kusoma."

Mkaguzi alikuwa anavuja damu na akasoma, labda kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwomba asome kitu tangu asubuhi. Karatasi ilitaja Kampuni ya Valeriani na Ndugu.

"Kampuni ni ya shemeji yangu," Germana akasema. "Nyumba ni yangu na ya huyu niliyemvunja mkono. Ingia, nitakuonyesha."

Alimwingiza. Alizunguka naye kona kwa kona, hakumwacha hatua moja, akamwonyesha magunia mpaka yale yaliyokuwa chini ya kitanda. Alipoulizwa nani aliyaleta, alijibu. Alipoulizwa jicho la mumewe limefanywa nini, alijibu. Alipoulizwa wenye maduka wale wengine wawili wameficha wapi, alisema, "Hilo silijui. Waulize wenyewe." Kabla mkaguzi hajatoka alichana kanga yake akamfunga jeraha, akakaza kwa hasira mpaka yule mtu akauma meno.

Magunia yalibebwa na mkaguzi na dereva wake, maana hakuna mwingine aliyeyagusa. Nje, mkaguzi alimtazama Piusi aliyekaa chini na mkono umepinda. Qamara alingoja amri ya kumfunga kamba.

"Huyu ameshaadhibiwa," mkaguzi alisema, akapanda gari. Mgambo hawakupanda. Mtu aliyetoka ndani ya nyumba ile hawakukubali kukaa naye kiti kimoja, hata angekuwa nani. Walirudi Karatu kwa miguu, bunduki begani.

Valeriani alifungwa, na wenzake wawili wakamfuata walipomtaja. Sukari ililetwa uwanjani Karatu iuzwe kwa bei halali. Watu walipanga mstari tangu asubuhi, na vikapu na vibuyu, mpaka mtu mmoja akasema imetoka wapi. Mstari uliyeyuka. Wanawake ambao watoto wao walikuwa wamesahau ladha ya chai walirudi nyumbani na vikapu vitupu, na hakuna aliyegeuka. Magunia yalikaa pale mpaka mvua ikayanyeshea, na nyuki wakawa wanunuzi pekee. Wakaguzi hawakuelewa kamwe. Waliandika, nasikia, kwamba wananchi hawana mwamko.

Wazee waliifunga nyumba ya Germana upya, tangu mwanzo, kama vile mtoto amekufa jana. Hakubisha. Ule ulikuwa mwaka mbaya kuliko moto na kuliko msiba wenyewe. Alimtazama Lusia akila, akamtazama akilala, aliweka kiganja kwenye paji la uso wake mara nyingi mpaka mtoto akachoka. Piusi, mkono umefungwa kwa vijiti na ngozi, alijifunza kulima kwa kushoto. Kisha surua ikapita Buger, na Lusia akaanguka. Mwili ulikuwa moto, macho yamefunga, na Germana alikaa chini akamwambia mumewe kitu ambacho hakumwambia mtu mwingine.

"Nilikuchagua wewe," alisema. "Akifa, nitakuchukia."

"Najua," Piusi akajibu. Alikwenda kuchota maji kule chini ya kijito, kwa ule mkono mmoja, akarudi, akaenda tena, akimpoza mtoto kwa kitambaa. Alifanya hivyo mpaka homa ikashuka.

Siku wazee walipoiondoa miiba, Germana alimshika Lusia mkono akaenda naye mpaka kwenye chemchemi ya wote. Wanawake walikuwa pale, wanateka maji. Mama mmoja akasogeza ndoo yake, akaacha nafasi. Lusia alichota kwa kibuyu, akanywa, akampa mtoto wa jirani aliyekuwa pembeni yake, na yule mtoto akapokea akanywa.

Germana aligeuka haraka ili wasimwone uso. Nyuma yake Piusi alikuwa anakuja na ndoo, mkono wa kulia umepinda na hautanyooka tena. Germana aliupokea ule mkono akaushika mbele ya watu wote, jambo ambalo mwanamke wa Buger hafanyi, na hakuuachia mpaka nyumbani.